Tasnifu Thelathini na Nane

Shakira alipoajiriwa kuwa mkutubi msaidizi katika chuo kikuu kimoja binafsi kule Kagugu, jijini Kigali, alikuwa na miaka ishirini na sita. Nyumbani kwao Biryogo, baba yake, fundi cherehani, aliwaambia wateja wote kwamba binti yake sasa ni mwalimu. Shakira alimsahihisha mara mbili tatu, kisha akaacha. Kwa baba yake, mtu anayekwenda chuo kikuu kila asubuhi na hafagii wala halindi lango, ni mwalimu tu.

Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja, kuanzia mwezi wa kumi na moja. Mkuu wa maktaba alikuwa Madamu Mukandekezi, mwanamke wa miaka hamsini na kitu aliyekulia Karagwe, upande wa Tanzania, na ambaye aliporudi Rwanda alirudi na Kiswahili chake kizima. Shakira naye alikuwa amelelewa kwa Kiswahili, kwa hiyo wawili hao wakiwa peke yao walizungumza lugha hiyo, na wanafunzi wakiingia waliiacha.

Miezi ya kwanza haikuwa rahisi. Mwezi wa kumi na mbili Shakira aliandaa somo la saa moja kuhusu namna ya kutafuta makala za kitaaluma mtandaoni. Alibandika matangazo kila ghorofa. Mhadhiri mmoja alimwahidi wanafunzi sitini. Siku ilipofika walikuja watatu, na mmoja wao akaondoka baada ya dakika tano kwa sababu alikuwa amekosea chumba. Shakira aliwafundisha wale wawili mpaka mwisho, akawashukuru, kisha akaenda kusimama nyuma ya rafu za sheria hadi uso wake ulipopoa. Mwezi wa nne alituma muhtasari wa mada kwenye kongamano la wakutubi, ukarudishwa na mistari miwili ya pole.

Kwa hiyo katikati ya mwezi wa sita, Madamu alipomkabidhi kazi ya kupunguza vitabu vya chumba cha chini, aliipokea kwa mikono miwili. Wanafunzi walikuwa wanasomea kwenye ngazi kwa kukosa meza, na chumba cha chini kilikuwa kimejaa vitabu ambavyo hakuna mtu aliyevigusa. Mpango ulikuwa huu: kila kitabu ambacho hakijaazimwa kwa miaka saba kiondolewe, na mahali pake ziwekwe meza.

"Nakupa wiki sita," Madamu alisema. "Usikimbie."

Shakira alimaliza kwa wiki tatu. Kompyuta ilimpa orodha ya vitabu mia sita arobaini ambavyo hesabu yake ya kuazimwa ilikuwa sufuri. Alipita na kile kifaa kinachosoma namba iliyobandikwa mgongoni mwa kitabu. Kifaa kikilia ti, kitabu kinaingia sandukuni. Siku ya kwanza alifungua kila kitabu kabla ya kukiweka. Siku ya pili alifungua kimoja kimoja hapa na pale. Kuanzia siku ya tatu alisikiliza ti peke yake. Madamu alipewa orodha ya kurasa ishirini, akatia saini ukurasa wa mwisho. Mnunuzi wa karatasi chakavu alikuja na gari lake, akabeba.

Meza ziliingia Alhamisi. Kufikia Jumamosi viti vyote arobaini vilikuwa na watu. Kwenye mkutano wa wafanyakazi, Profesa Mugabo, naibu mkuu wa chuo upande wa taaluma, alimtaja Shakira kwa jina, na watu wakapiga makofi. Usiku ule alilala vizuri kuliko siku nyingi.

Wiki mbili baadaye, Jumatatu asubuhi mwanzoni mwa mwezi wa nane, mwanamke mmoja wa makamo aliyevaa kitenge na viatu vya mpira alifika kaunta. Mkononi alikuwa na kadi ya msomaji wa nje iliyochakaa pembeni na daftari la shule. Alijitambulisha kuwa ni Mukarugwiza, mkulima wa mboga kutoka Masaka.

"Nimekuja kwa kile cha kijani," alisema kwa Kiswahili, maana alimsikia Shakira akikiongea kwenye simu. "Utafiti wa maji ya bonde letu. Kiko chini, ukuta wa kulia, rafu ya pili kutoka chini."

"Unakijua vizuri, mama."

"Kila mwaka nakuja kabla hatujapanda. Ushirika wetu una watu thelathini, na mimi ndiye wanayemtuma kusoma. Mwaka jana nilitafuta habari za vitunguu. Mwaka huu nataka ile ramani ya mifereji, kwa sababu juu yetu wamejenga nyumba mpya, na maji yamebadilisha njia. Nataka kujua yalipita wapi zamani."

Shakira aliandika maneno maji na Masaka kwenye kompyuta. Kitabu kilitokea: tasnifu ya mwaka 2011, mwandishi Viateur Twizeyimana. Chini yake kulikuwa na neno moja, *Kimeondolewa*, na jina la aliyekiondoa. Jina lilikuwa lake.

 Tasnifu kama hizo, yaani utafiti ambao wanafunzi huandika kabla ya kuhitimu, zilikuwa na alama nyekundu mgongoni. Alama nyekundu maana yake ni moja: kinasomewa humu humu, hakiazimwi. Ndiyo sababu hesabu ya kuazimwa ilikuwa sufuri. Mtu angeweza kukisoma kila siku kwa miaka kumi, na kompyuta isijue. Shakira aliijua maana ya ile alama. Aliiona kwa macho yake kule chini na hakusimama kufikiri.

"Kimepelekwa kubadilishwa jalada, mama," alijisikia akisema. "Rudi wiki ijayo."

Mukarugwiza aliitikia kwa kichwa taratibu. "Ni sawa. Kweli kilikuwa kimeanza kuchoka. Mmefanya vizuri kukitunza."

Alipoondoka, Shakira alipitia orodha yote. Tasnifu zilikuwa thelathini na nane, zote za chuo cha zamani cha kilimo kilichounganishwa na chuo chao. Chuo kile kilikuwa kimefungwa. Nakala hizo ndizo pekee zilizokuwepo katika maktaba yoyote.

Jioni alimweleza baba yake, ambaye alikuwa anapiga pasi suti ya bwana harusi. Mzee aliweka pasi kando.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Mkataba wako unaisha lini?"

"Baada ya miezi mitatu."

"Basi nyamaza," baba yake alisema. "Ulitafuta kazi mwaka mzima, nilikuona. Huyo mama mwambie kimepotea. Vitabu hupotea. Ukishapewa mkataba mpya, hapo utaangalia la kufanya."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama baba aliyemwona mtoto wake akirudi na bahasha za maombi ya kazi mpaka soli za viatu zikaisha. Shakira alikwenda kulala. Lakini kila alipofumba macho alimwona yule mama akisema, mmefanya vizuri kukitunza, na uso ukamwaka moto kama siku ya lile somo la watu wawili. Tofauti ni kwamba safari hii hapakuwa na rafu ya kujificha nyuma yake.

Asubuhi aliingia ofisini kwa Madamu Mukandekezi kabla hata hajavua mkoba begani, akasema yote kwa pumzi moja, pamoja na ule uongo wa jalada.

Madamu alisikiliza. Aliinuka akafunga mlango, akafungua droo, akatoa ile orodha ya kurasa ishirini, akaanza kuisoma kuanzia ukurasa wa kwanza. Kwenye ukurasa wa kumi na nne alisimama.

"Hizi hapa," alisema. "Zimeandikwa wazi kabisa. Na mimi nilitia saini mwishoni bila kufika hapa." Alivua miwani. "Nimefanya kazi hii miaka ishirini na mbili, Shakira."

"Ni mimi niliyezitoa, Madamu."

"Ni wewe uliyezitoa na ni mimi niliyekuruhusu. Tusigombee kosa, linatutosha wote. Leo ni Jumanne. Kamati ya taaluma inakaa Ijumaa, nami nitaomba dakika kumi. Uwe umezipata au hujazipata, tutasema ukweli. Sasa nenda ukatafute."

Namba ya mnunuzi wa karatasi ilikuwa kwenye hati ya makabidhiano. Alipopigiwa alijibu kwamba mzigo ule aliuuza wote Busanza, kwa kikundi cha akina mama wanaotengeneza mifuko ya karatasi. Mifuko ya plastiki hairuhusiwi nchini, na kila duka la Kigali hufungia karanga, mkate na sukari kwenye mifuko kama hiyo. Shakira alichukua pikipiki mpaka Busanza.

Kikundi kilifanyia kazi chini ya moja ya maghorofa ya makazi mapya. Wanawake kumi na wawili walikuwa wamekaa kwenye mikeka, hawa wakikata, hawa wakikunja, na sufuria ya gundi ya unga wa muhogo ikitoa mvuke katikati yao. Kitu cha kwanza Shakira alichokiona kilikuwa rundo la majalada magumu yaliyoegemezwa ukutani. Mengi yalikuwa ya kijani, yenye herufi za dhahabu. Ndani hayakuwa na kitu.

Kiongozi wao, Mukunde, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, alimwuliza anatafuta nini. Shakira alieleza. Mukunde aliangalia majalada, kisha akamwangalia yeye.

"Hii karatasi iko mzuri," alisema. "Wameandika upande moja tu. Upande ingine iko safi, tunaweka nje, mteja anafurahi. Ndiyo maana tulianza na hii."

"Zimebaki ngapi?"

"Njoo, tuangalie."

Walimwaga magunia matatu na kuchambua hadi saa nane mchana. Wanawake wengine waliacha kukata, wakaja kusaidia bila kuambiwa. Zilipatikana tasnifu ishirini na mbili nzima. Kumi na tano zilikuwa zimeshakatwa. Katika zile kumi na tano ilikuwemo ya bonde la Masaka. Walipata jalada lake na kurasa sita za mwisho, orodha tupu ya vitabu vya rejea. Mukunde alifungua mafungu ya mifuko iliyokuwa tayari, akapata miwili yenye jedwali la vipimo ndani, likiwa limekatika katikati.

Hesabu ilikuwa bado haijatimia. Ishirini na mbili na kumi na tano ni thelathini na saba.

Hapo mwanamke mmoja kijana aliyekuwa anakunja mifuko kwenye kona aliinuka. Jina lake lilikuwa Iteka. Alizungumza akiwa ameinamisha macho.

"Moja iko nyumbani kwangu. Mimi nafuga kuku, wanakufa kila mvua ikianza. Nilikuwa nakata, nikaona picha ya kuku, nikasoma. Nikaiweka pembeni. Sikuiba, nilimwambia mama Mukunde."

"Aliniambia," Mukunde alisema.

Iteka alikwenda kuileta. Ilikuwa imefungwa kwa kitambaa safi, na kati ya kurasa zake kulikuwa na vipande vya karatasi alivyoandika maswali. Shakira alishika ile tasnifu, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akahisi machozi yamefika karibu.

"Umefika wapi?" aliuliza.

"Ukurasa wa arobaini na moja."

"Basi ikirudi maktaba nitakupa kadi. Ni ya bure. Utakuja kumalizia."

"Mimi? Chuo kikuu?"

"Wewe. Kadi ya msomaji wa nje haiulizi cheti."

Mukunde hakutoa zile ishirini na mbili hivi hivi. Kikundi kilikuwa kimenunua karatasi ile, alisema, na kina oda ya kutimiza. Alitaka karatasi kwa karatasi, kilo kwa kilo. Shakira alimpigia Madamu simu, na Madamu akakumbuka kwamba stoo kulikuwa na miongozo ya programu za kompyuta ambazo hakuna mashine duniani inayozitumia tena, nakala nane nane za kila mmoja. Kesho yake asubuhi Shakira na Madamu waliketi sakafuni stoo, wakafungua mwongozo mmoja baada ya mwingine, ukurasa kwa ukurasa, mmoja akiukagua na kumpa mwenzake aukague tena. Ilikuwa kazi ya kuchosha na ya kuchekesha, na Madamu alikuwa wa kwanza kucheka.

"Kitabu cha mwaka elfu moja mia tisa tisini na tano," alisema, "kinafundisha namna ya kuwasha kompyuta. Hiki kiende kikafunge karanga kwa amani."

Mchana magunia yalifika Busanza, na tasnifu ishirini na tatu zikarudi Kagugu.

Ilibaki ile ya Mukarugwiza. Shakira angeweza kusubiri wiki iishe, mama yule arudi, amwambie kaunta mbele ya watu. Aliona hilo ni kuongeza kosa juu ya kosa. Alhamisi alikwenda Masaka, akauliza njiani mpaka akaelekezwa kwenye tuta la karoti chini ya mteremko, ambapo Mukarugwiza alikuwa anang'oa magugu.

"Mama, nilikudanganya," alisema, hata kabla hajaulizwa habari za safari. "Kitabu hakikwenda kubadilishwa jalada. Nilikitupa mimi, kwa makosa, pamoja na vingine. Kimekatwa. Nimeokoa hivi tu." Akatoa jalada la kijani, zile kurasa sita na ile mifuko miwili.

Mukarugwiza alifuta mikono kwenye kitenge, akapokea. Aligeuza mfuko mmoja, akauchungulia ndani. 

"Miaka saba nasoma hiki kitu," alisema. "Sikumaliza sekondari. Mara ya kwanza kilinichukua siku nne, na kamusi pembeni. Watu wa ushirika walinicheka, wakaacha kunicheka tulipovuna. Na wewe uliyesoma mpaka chuo kikuu hukukifungua?"

"Sikukifungua."

"Hukuona kimechakaa? Kitabu kisichosomwa kinachakaaje?"

 Shakira alisimama pale, matope yakipanda kwenye viatu vyake vya ofisini. Mukarugwiza alirudi kung'oa magugu, akang'oa kwa nguvu mstari mzima. Alipofika mwisho alisimama tena.

"Huyo aliyeandika. Twizeyimana. Hamna anwani yake?"

"Tuna jina tu. Viateur Twizeyimana."

"Viateur?" Mukarugwiza alikunja uso. "Juu ya jalada wameandika V. tu. Viateur mmoja namjua. Anauza miche ya parachichi pale juu, barabarani. Lakini yule ni mtu wa miche. Nimenunua miche kwake mara mbili."

"Twende tukamwulize?"

"Nisubiri ninawe."

Kilikuwa kitalu kidogo chenye kivuli cha nyavu nyeusi, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Mwenyewe, mwanamume mwembamba wa miaka arobaini, alikuwa anamwagilia. Mukarugwiza hakumsalimu hata salamu ya kawaida. Alimnyooshea jalada.

"Hii ni ya kwako?"

Viateur aliweka chini kopo la maji. Alisoma herufi za dhahabu kama mtu anayesoma jina kwenye picha ya zamani.

"Mmeipata wapi?"

"Ni ya kwako au si ya kwako?"

"Ni ya kwangu. Niliiandika nikiwa na miaka ishirini na mitano. Walinipa alama ya wastani. Msimamizi wangu aliniambia haina mchango mkubwa." Alicheka kidogo bila furaha. "Nilitafuta kazi ya utafiti miaka miwili. Baadaye nikaanza miche. Sikudhani mtu yeyote aliwahi kuifungua."

Mukarugwiza alimkodolea macho.

"Mimi nimeifungua kila mwaka tangu nijiunge na ushirika," alisema. "Ukurasa wa thelathini na tatu, maji yapo sentimita sitini tu chini ya ardhi mwezi wa tisa. Kwa sababu ya hapo tuliacha kupanda karoti upande wa mto kabla ya mwezi wa kumi. Zilikuwa zinatuozea kila mwaka. Watu thelathini, bwana. Tunakula kwa huo ukurasa."

 Viateur aliangalia mteremko, kuelekea bondeni, ambako mistari ya kijani ya mashamba ilionekana vizuri. Aligeuka akaingia haraka kwenye kibanda cha vifaa, na kwa muda wakamsikia akihamisha vitu ndani. Shakira alidhani amejificha ili asionekane analia, na huenda ndivyo ilivyokuwa, lakini alipotoka alikuwa na sanduku la bati.

"Tasnifu yenyewe sina," alisema. "Kompyuta yangu iliibwa mwaka ule ule. Lakini hizi ninazo."

Yalikuwa madaftari manne ya jalada gumu. Ndani yake, kwa kalamu ya bluu, kulikuwa na vipimo vya kina cha maji katika mashimo kumi na moja, kila Ijumaa, kwa miezi kumi na minane, na michoro ya mifereji yote ya bonde kama ilivyokuwa kabla ya nyumba kujengwa.

"Hii ni zaidi ya ile," Mukarugwiza alisema, akigeuza kurasa kwa ncha za vidole.

"Msimamizi alitaka kurasa themanini. Nilikata nusu."

Shakira aliwaacha wakiwa wamechuchumaa juu ya madaftari, mama akiuliza, Viateur akionyesha kwa mkono kule bondeni. Hakuna aliyekumbuka kumuaga. Aliondoka na ruhusa ya kuyafuata madaftari Jumatatu ili ayapige picha, na njiani kuelekea Kagugu alitambua kwamba alikuwa anatabasamu, ingawa Ijumaa ilikuwa bado mbele yake.

Ijumaa haikuwa nyepesi. Alisimama mbele ya kamati ya watu tisa, akaeleza alichokifanya, siku kwa siku: siku ya kwanza alifungua vitabu vyote, siku ya pili baadhi, kuanzia siku ya tatu hakufungua hata kimoja. Alieleza kilichopatikana na kisichopatikana. Madamu Mukandekezi aliongeza kwamba saini ilikuwa yake.

Profesa Mugabo aligonga kalamu mezani.

"Juzi tu tulikupigia makofi katika chumba hiki hiki."

"Ndiyo, Profesa."

"Ungenyamaza, tungejua?"

Shakira alifikiri. "Pengine baada ya miaka mingi. Lakini mama wa Masaka angejua wiki ijayo."

Walimtoa nje kwa nusu saa. Aliporudi alisomewa uamuzi: onyo la maandishi kwenye faili lake, na suala la mkataba lingesubiri mpaka mwezi wa kumi. Kuanzia sasa hakuna kitabu kitakachoondolewa bila kufunguliwa na watu wawili. Madamu naye alipewa barua yake. Wakiwa kwenye korido, Madamu aliikunja mara nne, akaitia mkobani.

"Barua yangu ya kwanza," alisema. "Umenianzishia mkusanyiko." Kisha akaweka mkono begani mwa Shakira na kuuacha hapo mpaka walipofika mlango wa maktaba.

Miezi iliyofuata Shakira alifanya kazi ambayo hakuna aliyekuwa ameiandika kwenye mkataba wake. Alipiga picha tasnifu ishirini na tatu, ukurasa kwa ukurasa, akaziweka kwenye tovuti ya maktaba. Alichapa madaftari ya Viateur, akimpigia simu kila aliposhindwa kusoma tarakimu. Halafu akaanza kuwatafuta waandishi wengine kumi na wanne ambao kazi zao zilikuwa zimekwisha kuwa mifuko. Mmoja alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kayonza, akatuma nakala aliyokuwa ameitunza chini ya kitanda. Mwingine alikuwa Kanada, akajibu barua pepe baada ya saa moja. Wawili walikuwa wamefariki, na mjane wa mmoja wao alikuja mwenyewe kwa basi kutoka Huye, tasnifu ikiwa mapajani, akakataa kuiacha mpaka alipoona inapigwa picha yote na kurudishwa mikononi mwake. Kufikia mwisho wa mwaka alikuwa amepata tisa. Tano hazijapatikana mpaka leo, na majina yake yako kwenye tovuti pamoja na ombi kwa yeyote aliye na nakala.

Mwezi wa kumi mkataba ulikuja. Ulikuwa wa miezi sita, si miaka miwili kama wa wenzake. Shakira alimpelekea baba yake barua ya mkataba akitarajia maneno. Mzee aliisoma akiwa na pini mdomoni, akazitoa moja moja.

"Miezi sita," alisema.

"Miezi sita, baba."

"Nilikuambia unyamaze." Alirudisha barua kwenye bahasha kwa uangalifu. "Ungenisikiliza, ungekuwa unamkwepa yule mama mpaka leo. Umefanya vizuri. Lakini miezi sita ni michache, uwaambie."

Kabla ya sikukuu za mwisho wa mwaka, Viateur alikuja Kagugu kutia saini hati ya kukabidhi madaftari yake kwa maktaba. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi na alizungumza kwa sauti ya chini kama mtu aliye hospitalini. Shakira alimpeleka kwenye rafu, akamwonyesha madaftari manne ndani ya kasha lao, na jina lake kamili nje. Viateur alisimama pale bila kuyagusa.

Waliporudi kaunta alijikuna shingo.

"Kuna kitu kingine," alisema. "Sijui kama mnapokea. Miche yangu, kila aina, lini nimeunganisha kikonyo kwenye mche, kimeshika au hakikushika, mvua ilikuwaje. Nimeandika miaka kumi na moja. Lakini hiyo si tasnifu. Hakuna mwalimu aliyeisimamia."

Shakira alifungua droo. Hakukuwa na fomu ya kitu kama hicho. Alichukua fomu ya tasnifu, akalipiga mstari neno lililochapwa juu, na kwa kalamu akaandika mahali pake: *Kumbukumbu za kitalu, Masaka.* Akavuta kiti, akamwonyesha Viateur akae.

"Tuanze na mwaka wa kwanza," alisema. "Ulikuwa na miche mingapi?"